Lango Nililofunga Kule Mlimani

Kina mama wenzangu wa Njabini, mliniuliza kwa simu kama watu wa huku wanalima na kufuga, ama wanakula tu vya dukani. Nilishindwa kuwajibu. Tangu nije kwa binti yangu Njeri hapa Birmingham, nilikuwa nimeona nyumba, mabasi na maduka ya Erdington, basi. Kwa hivyo Halima aliponiambia kuna nafasi kwenye safari ya kutembezwa mashamba ya zamani mlimani, sikungoja aseme mara mbili. Halima ni Msomali aliyelelewa Nairobi, sasa anakaa Sparkbrook, na ndiye hutupangia matembezi sisi wamama. Mungu ambariki.

Saa mbili asubuhi, Jumamosi moja ya mwezi wa nne, tuliondoka na basi dogo la dereva Trevor. Nilikaa na Furaha, mama wa Bukavu mwenye mdomo kweli kweli. Alitazama gambuti zangu akasema, "Mama Njeri, unaenda kutembea ao kukamua ng'ombe?"

"Vyote viwili," nikamwambia. "Wakinipa ndoo."

Saa nne tulifika. Nchi ile ni kama kwetu Kinangop ukishapita msitu wote: baridi, upepo, vichaka vifupi na nyasi zilizokauka, mti hakuna. Mwenyeji wetu aliitwa Margaret, mama wa rika langu, anatembea na fimbo lakini humshiki. Kabla ya kuanza alitupa sheria, na Halima akaitafsiri polepole. Njia inapita ndani ya shamba la Bwana Alan, naye anatupitisha kwa hiari yake tu. Lango ukilikuta wazi, liache wazi. Ukilikuta limefungwa, lifunge. Kuna watu waliwahi kuchezea malango yake, akasema ikitokea tena hakuna kikundi kitakachopita.

Nilisikia vizuri. Nataka mjue hilo.

Tukapanda. Kuta za mawe zinapanda mlima mpaka juu, zinanifika kifuani, na hakuna saruji hata tone. Jiwe limekaliwa na jiwe, miaka na miaka. Tulipita lango moja la mbao lililokuwa wazi. Mimi nilikuwa wa mwisho kwa sababu ya goti langu, na kwetu aliye nyuma ndiye hufunga. Mkono ulifunga kabla akili haijauliza. Nikaendelea, hata sikukumbuka.

Juu kabisa kulikuwa na mahame ya nyumba. Paa halipo, lakini mawe ya jiko yapo na moshi wa zamani umeyashika. Margaret alituonyesha shimo refu ambamo wenyeji walikata udongo mweusi wa kinamasi, wakaukausha na kuuchoma kama kuni.

"Muulize waliokaa hapa waliitwa nani," nikamwambia Halima.

Margaret akasimama, akanitazama. "Anasema wengi huuliza mwaka tu," Halima akaniambia. "Mama wa hapa aliitwa Hannah. Binti zake ni Ruth na Ellen."

Nikayataja majina yao kwa sauti pale jikoni kwao. Hannah, Ruth, Ellen. Margaret akanishika mkono, tukala mikate yetu tumekaa pamoja.

Saa nane tukashuka, na ukungu ukashuka nasi. Kabla ya kuliona lile lango nilisikia vilio. Kondoo wamejazana upande wa chini, wana-kondoo wako upande wa juu, na katikati lango langu. Mama zao walikuwa wameteremka kunywa maji kabla sijalifunga, na watoto wakakosa pa kupita. Bwana Alan alikuwa anakuja na mbwa wake, uso umekunjika.

Furaha alinivuta shali. "Nyamaza, Mama. Nani alikuona? Batasema ni upepo."

Nilimwangalia Margaret amesimama amejikunja kama mtoto aliyeitwa na mwalimu. Matembezi yake yote yalikuwa pale, mikononi mwangu. "Halima, mwambie ni mimi. Mwambie niliisikia sheria, na bado nikafunga."

"Wallahi, Mama?"

"Mwambie hivyo hivyo."

Alan alisikiliza. Akafungua lango, na watoto wakapita kwa fujo, kila mmoja anatafuta titi la mama yake. Huko wanawaandika namba kwa rangi ubavuni, mama na mwana namba moja. Akahesabu. Namba arobaini na moja alikuwa mama peke yake, analia. Mtoto hakuonekana, na kwa baridi ile bila maziwa, mtoto haoni asubuhi.

Alan akamnyooshea mbwa mkono. Nikasema, "La, la! Mwambie amfunge mbwa, amwachilie mama. Yeye anajua."

Halima alitafsiri huku macho yamemtoka. Alan alinitazama sana, kisha akamfunga mbwa kamba. Mama akapita katikati yetu, akafuata ukuta, analia na kusikiliza, nasi nyuma yake. Alitupeleka kwenye lile shimo la udongo mweusi. Mtoto alikuwa ndani, ametota matope mpaka tumboni, sauti imekwisha. Alan akajilaza kifudifudi, akamvuta. Nilimfuta pua na shali yangu. Aliponyonya, mkia ukaanza kutikisika, na mimi nikalia.

"Anauliza ulikuwa unafuga?" Halima akasema.

"Mwambie nilikuwa nao wengi. Kairũ, Nyange, Karoki, na mama yao Wacera, mwizi wa kabichi."

Alan akacheka. Akasema kikundi kitapita tena, ila nyanya huyu atembee mbele.

Saa kumi na mbili jioni tulikuwa Erdington. Furaha alinicheka njia nzima kwamba nimekubali kesi bila shahidi. Namshukuru Halima aliyetafsiri kila neno bila kulipunguza, Margaret aliyenikumbatia, na Alan ambaye angeweza kufunga njia na hakufunga. Maisha yangu yote nimedhani kufunga ni kusaidia. Siku hizi, hata jikoni kwa Njeri, nauliza kwanza. Ananicheka, lakini ananijibu.