Anafagia Ofisi Isiyomtambua

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Riziki Saidi anapiga deki ofisi ya vitambulisho mjini Mtwara. Anapanga viti vya plastiki, anafuta kioo cha dirisha namba mbili. Kisha anavua koti la kazi, analikunja, anakaa kwenye kiti alichokipanga mwenyewe. Sasa ni mteja.

"Kwenye foleni mimi huwa wa kwanza," anasema akicheka kidogo. "Ndiyo faida ya ufagio."

Mama huyu wa watoto wawili, mkazi wa Rahaleo, amefagia hapa miaka tisa. Kitambulisho cha taifa hana. Kampuni iliyomwajiri imetangaza kuwa kuanzia mwezi ujao, asiye na namba hana kazi. Zimebaki siku tatu.

Balaa lilianzia kwenye swali moja la fomu: umewahi kutumia jina lingine? Riziki akajibu hapana.

Ni Mmakonde, kijiji chao kiko kando ya Mto Ruvuma. Kwao msichana akitoka unyagoni hupewa jina jipya, na la utotoni huachwa hukohuko. Kumwita mtu mzima kwa jina hilo ni kumtukana. Lakini yeye alichezwa unyago akiwa darasa la tano, na shuleni hawakubadilisha. Cheti chake cha darasa la saba, karatasi pekee aliyonayo, kina jina la zamani.

"Ningelitajaje? Watu wamejaa, na shemeji zangu wamo! Tena si jina langu tena. Nikaona sijadanganya."

Ofisi ikaona amedanganya. Akaambiwa alete kiapo, akaleta. Kiapo kikataka shahidi aliyekuwepo unyagoni, naye kungwi aliyemfunda ameshafariki. Basi alete cheti cha kifo cha kungwi. Jamani! Bibi wa kijijini, amekufa asubuhi kazikwa alasiri, nani alimwandikia cheti?

Amefika dirishani mara kumi na saba. Mara zote anajibiwa kwa upole, maana chai yao anaipika yeye.

"Dada Riziki, mimi nakufahamu," Jafari, karani wa dirisha namba mbili, anamwambia mbele ya mwandishi. "Mfumo ndio haukufahamu."

"Sasa nifanyeje, kaka?"

"Njia ni moja. Nikusajili kwa jina la kwenye cheti. Namba unapata leo."

Vyeti vya kuzaliwa vya wanawe vinasema mama yao ni Riziki Saidi.

"Na wanangu je?"

"Utafungua faili lingine, la kuthibitisha kuwa ni wako."

Riziki anaivuta fomu. Halafu anaweka dole gumba.

Utaratibu unataka mhusika aitwe kwa sauti, aitike, ndipo apewe namba. Jafari analisoma jina hilo, ambalo gazeti hili halitaliandika. Kwenye foleni mwanamke mmoja anajiziba mdomo kwa khanga.

"Abee," Riziki anaitika, macho chini.

Nje anavaa tena koti. Kazi imepona. Anapoulizwa anatarajia nini, machozi yanamtoka, hayafuti.

"Kesho naanza hilo faili la watoto. Namwomba Mungu likamilike ningali hai, isije ikasemwa aliyekufa si mama yao."