Maziko ya Jenerali na Bata Bukini

Évariste Lhommeau aliipeleka simfoni yake kwa kila okestra ya Paris, na kila okestra ikamrudishia. Basi akawa anakula kwa sinema: muziki wa mabusu, muziki wa polisi na wezi, muziki wa treni iliyochelewa. Wenzake wa zamani wa chuoni wakimkuta mkahawani humwuliza, "Vipi, Lhommeau, leo umewatungia farasi au mbwa?"

Lakini filamu hii mpya ilikuwa na maziko ya jenerali. Évariste akachomoa sehemu ya huzuni kutoka simfoni yake, akaitia humo. Hatimaye watu wangeisikia.

"Na wakilia?" aliuliza mkewe, Léonie, akimfunga tai.

"Ndicho ninachotaka, mke wangu!"

Studioni, siku ya kurekodi, wapigaji waliketi wameipa mgongo picha iliyoonyeshwa ukutani, kama ilivyo desturi. Anayeitazama ni mwongoza okestra tu, siku hiyo Évariste mwenyewe, ili mkono wake uende nayo. Taa zikazimwa. Fidla zikaanza kuomboleza.

Jeneza halikutokea. Fundi wa mashine ya picha alikuwa amefunga mkanda mwingine wa filamu hiyo hiyo: bata bukini wametoroka jikoni, na mpishi mnene anawakimbiza na mwiko.

Asimamishe? Kurekodi kulikwisha kuanza. Akaendelea. Mpishi akatumbukia kwenye beseni la krimu. Mabega ya Évariste yakatikisika, machozi yakamchuruzika. Wapigaji, wasioona bata wala krimu, wakamhurumia, wakapiga kwa moyo kuliko walivyowahi kupiga maishani.

Noti ya mwisho ilipozimika, Tancrède, mpiga sello, akamshika mkono. "Pole sana, mzee. Jenerali alikuwa ndugu yako?"

Évariste alikuwa amekaa sakafuni, anacheka.

Gaspard Tessonnier, mtengeneza filamu, akaingia mbio akijifuta macho. "Hiyo hiyo! Msiiguse! Jenerali tutamzika kimya kimya."

"Gaspard, hiyo ni simfoni yangu!"

"Basi bata wana bahati!"

Siku ya kwanza ya kuonyeshwa filamu, ukumbi ulifurika. Bata walipotokea, kicheko kililipuka hata kuta zikavuma.

"Umezisikia fidla?" Évariste alimpigia Léonie kelele sikioni.

"Nimemsikia huyu mama aliyeniangukia mapajani!"

Kesho yake akarudi peke yake, alasiri, wakati watu ni wachache. Akakaa mstari wa mbele kabisa, masikio wazi, tayari kujisikiliza mwenyewe. Bata wa kwanza akachungulia mlangoni.

Katika ukumbi mzima, aliyetangulia kucheka alikuwa yeye.