Antena ya Milembe yamsubiri Masunga

Saa mbili asubuhi. Umeme umerudi Bariadi, na Milembe Shigela anawahi kuwasha kompyuta yake ya mtumba kabla haujakatika tena. Kwenye skrini, ndani ya programu ya kuchora bodi za saketi, mstari wa shaba unapinda huku na huku. Hiyo ndiyo antena.

"Majirani wananiita fundi nyoka," anasema akicheka. "Waache waseme. Nyoka huyu ndiye atakayemleta kaka yangu."

Milembe, 31, ni fundi wa redio na simu. Kuchora bodi alijifunza Mwanza, kwa mwajiri wake wa zamani. Kazi iliyomkosesha raha mwaka huu haikuwa ya mteja. Ni antena ya simu ya mezani inayotumia laini kama ya mkononi, aliyomnunulia mama yake, Nyanjige, kijijini Sola, ambako netiweki inafika kwa kusuasua.

Kaka yake, Masunga, aliswaga ng'ombe kwenda Mpanda mwaka 2002 kutafuta malisho. Tangu kampuni binafsi za simu zianze kusambaa huko, hupiga mara moja moja akifika mnadani, kwa simu ya kuazima. Humpigia Milembe. Mama akiitwa kutoka Sola, anapofika mjini Masunga ameshaingia porini.

"Miaka minne tangu aondoke, mayu, mama yetu, hajasikia sauti ya mwanaye. Mimi naisikia, halafu naona aibu," anasema.

Antena ya kwanza haikunasa kitu. Milembe alikuwa amejaza shaba kila upenyo wa bodi, hadi chini ya ule mstari.

"Nimekulia kwenye pamba. Kwetu ukiacha ardhi wazi unaitwa mvivu," anaeleza.

Akaenda Sola amekata tamaa. Huko akamwona mama yake akifukuza ndama kwenye ngitili, lile eneo la nyasi linalofungwa hadi kiangazi ili mifugo isiingie. Milembe akasimama, akacheka peke yake. Antena nayo ilitaka ngitili yake.

Aliporudi alifuta shaba yote iliyoizunguka, akachapa mchoro upya, akailoweka bodi kwenye dawa inayokula shaba.

Wiki iliyopita simu ya Sola ilisoma mistari mitatu ya netiweki. Nyanjige amehamishia mkeka wake hapo hapo. Hata maharage anachambulia kando ya simu.

"Nikienda kisimani namwachia jirani yangu, Kwandu," anasema mama huyo. "Nimemwambia, ikiita, mshike kwa maneno mpaka nifike."

Masunga, hata hivyo, hana namba hiyo. Hajapiga tangu mavuno, na ile simu ya kuazima haipatikani. Milembe hatoki bila simu yake ya mkononi, hata kanisani.

"Anipigie mara moja tu nimpe namba," anasema, macho kwenye skrini. "Baada ya hapo hata akinisahau mimi, sawa. Ampigie mayu."