Kidonge Kilichomponya Dada

Mume wangu alinirudisha kwa wazazi kwa sababu silimi. Mguu ulikuwa unawaka kuanzia kiunoni hadi unyayoni, nikae au nilale. Dada yangu, aliyeolewa Mapera, aliwahi kuumwa hivyohivyo. Daktari wa hospitali ya misheni alimpa vidonge wanavyopewa watu wenye sonona, akamweleza kwamba vinatuliza na mishipa ya fahamu. Msimu wa maharage ulipofika dada alikuwa mlimani anachimba ngoro, yale mashimo yetu ya kulimia kwenye mteremko, anafukia majani huku anaimba. Basi na mimi nikapewa vilevile.

Mimi vilinilaza. Naamka jua limeshapanda, mdomo mkavu, moyo unanienda mbio, na mguu unawaka palepale. Nikishika jembe nayumba kama nimetoka kilabuni. Baba yangu anaamini mtu asiyelima hana ugonjwa, ana tabia. Aliniuliza mbele ya wageni, "Mwenzako kapona kwa dawa hiyohiyo. Wewe una nini?" Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Nilichotaka ni watu wa nyumbani kwetu waniamini kwamba naumwa.

Nikarudi kwa daktari. Akasema huenda mwili wangu unaivunja dawa ile polepole mno, inarundikana na kunidhuru, wakati mwili wa dada unaivunja vizuri. "Kipimo cha kuthibitisha hapa hatuna," aliniambia. "Lakini mambo haya ni ya kurithi. Mtu anazaliwa nayo." Nililia palepale kwenye kiti, kwa furaha. Akanibadilishia dawa.

Nilifika nyumbani nikawamwagia wazazi yote: si uvivu, ni urithi, mimi na dada tumetofautiana tangu tumboni. Mama alikuwa anachambua usipa, vile visamaki vya ziwani. Baba akasema taratibu, "Kwa hiyo mwenzako karithi kwangu. Wewe umerithi kwa nani?"

Kabla sijazaliwa mama alikuwa akishuka Lituhi, kule ziwani, kununua usipa wa kuja kuuza huku milimani, na alilala huko kungoja wavuvi warudi. Kumbe baba alikuwa na shaka yake moyoni miaka yote. Nilimweleza kwamba watoto wa baba mmoja na mama mmoja hawagawiwi sawa. Nikamletea hindi moja lenye punje nyeupe na nyekundu, aone kwa macho yake. Alilipukuchua, akawamwagia kuku. Nilikasirika, lakini ni baba, ningemwambia nini?  Mama alimaliza kuchambua, akapika, akatenga. Baba hakula, na mpaka leo chakula chake kinatoka kwa mke wa kaka.

Dawa mpya imenikubali. Mguu umepoa, nachimba ngoro zangu, na hakuna anayeniita mvivu. Mimi nimerithi jina la marehemu bibi, mama mzaa baba, na tangu utotoni baba aliniitikia, "Marahaba, mama. Umeamkaje?" Siku hizi namwamkia asubuhi nikiwa na jembe begani. "Marahaba," anasema, kisha anaangalia pembeni mpaka nipite.