Mchumo wa Kwanza

Unanijua, rafiki yangu: mimi ni mtu wa ndani. Serikali ilipotangaza watu wasitoke, wenzangu walilalamika. Mimi nilivaa soksi, nikachemsha chai, nikasema afadhali, sasa uvivu wangu umepata sheria. Lakini ilipofika Januari ya mwaka wa pili wa korona, jua la Sydney likilainisha lami, hata mimi kuta za chumba changu pale Minto zilinishinda. Nikaomba kipande katika bustani ya mtaa. Nikakubaliwa haraka hata nikashtuka. Baadaye ndipo nilipojua kwamba mwenye akili zake haanzi bustani katikati ya kiangazi.

Siku ya kwanza nilimwaga ndoo ya maji juu ya ule udongo uliokauka kama mkate wa juzi. Harufu ilipopanda, sikuwa Minto tena. Nilikuwa Muheza, nyuma ya nyumba ya bibi, nina miaka minane, nimesimama kwenye tuta la mchicha ninalotakiwa kupalilia, natafuta sababu ya kurudi ndani.

Matuta yalikuwa sita. Asubuhi kulinuka samadi mbichi na moshi wa kuni, na jikoni mbuzi ya nazi inakwaruza. Mimi nilipalilia kwa namna yangu: nang'oa mchicha, naacha magugu. Bibi hakunichapa. Alinibadilishia kazi tu, akanipa ile niliyoichukia zaidi, ya kupeleka mchumo wa kwanza kwa majirani.

Nyumbani kwetu mchumo wa kwanza haukuingia chunguni. Ulifungwa mafungu kwa kamba ya mgomba, ukatoka. "Wa kwanza una miguu," bibi alikuwa akisema, "wa pili ndio una mdomo." Basi nilisimama mlangoni kwa watu nikipiga hodi ya kunong'ona, na bibi akisikia kutoka uani anauliza hodi hiyo nimempigia mwenye nyumba au kidevu changu. Ukiitikiwa, huponi. Muuza maandazi atakukalisha mkekani, mwalimu mstaafu atakuuliza jedwali la saba, na sahani uliyobebea mboga hairudi tupu: ndimu tatu, kifuu cha nazi, au umbea wa kupelekwa ukiwa wa moto.

Bibi alifariki Oktoba, miezi mitatu kabla sijashika jembe huku Minto. Mipaka ilikuwa imefungwa. Mazishi niliyaona kwenye simu, na binamu aliyeishika alinionyesha miguu ya watu zaidi kuliko kaburi. Kesho yake nilikwenda kazini, kwenye chumba cha kufulia, nikakunja mashuka. Msimamizi aliuliza mbona macho mekundu. Nikamwambia ni sabuni.

Mwenye kipande kilichopakana na changu alikuwa mama wa Kirundi, aliyekulia kambini Kigoma, sasa anahudumia wazee. Alinitazama nikichimba mashimo ya kina cha kiganja saa sita mchana, nikitia mbegu nilizonunua duka la Waasia kule Liverpool, si ya Uingereza, ya hapa hapa Sydney.

"Dada, hapo umepanda ao umezika?"

Nilicheka. Kisha nikaenda bombani, nikanawa uso muda mrefu kuliko ulivyohitaji. Niliporudi alikuwa ameshachanganya mbegu zilizobaki na mchanga, anazinyunyiza juu juu, anatandaza nyasi, huku akisema Watanzania waliwapa wao chakula kambini miaka yote ile, leo Mtanzania mwenyewe hajui mchicha unaota wapi.

Ukaota. Mwishoni mwa Februari nilichuma, nikafunga mafungu mawili kwa mipira ya barakoa. Sasa ndipo kazi ilipoanza. Mazishi yalikuwa yamenipita. Nikajiambia hili moja la bibi halitanipita. Nikaanza na jengo letu. Mlango wa kwanza, kimya. Wa pili, pazia lilicheza. Wa tatu, sauti ikasema kwa Kiingereza niache hapo chini. Niliacha. Asubuhi fungu lilikuwa pale pale, limenywea.

Likabaki moja. Mama wa Kirundi hakuwa ameonekana bustanini wiki nzima. Mgonjwa wake alikutwa na korona, naye akaamriwa kujifungia. Nilitembea hadi kwake, mtaa wa pili. Hodi ya kwanza ilitoka ya miaka minane. Ya pili vivyo hivyo. Ya tatu niliipiga kwa nguvu, mbwa wa jirani wakaitikia kabla ya mwenyewe. Dirisha likafunguka.

"Karibu," akasema, halafu akajikumbuka. "Karibu, lakini usiingie."

Tulicheka. Nikamwambia ni mchumo wa kwanza, kwamba bibi yangu alitaka utoke. Akauliza kama bibi ni mzima.

"Alifariki Oktoba. Sikumzika."

Nilikuwa sijayatamka hayo kwa Kiswahili mbele ya mtu. Akaegemeza viwiko dirishani.

"Mulikaa matanga?"

"Na nani?"

"Weka mboga hapo kwenye ngazi, mdogo wangu. Halafu kaa."

Nikakaa kwenye ukingo wa barabara. Yeye akavuta kiti dirishani. Magari yalipita, watu wakinitazama kama niliyepoteza funguo. Tulikaa hivyo mpaka kivuli cha nyumba kikanifika miguuni, ndipo akasema, "Basi. Nenda ukapike."

Alihamia Quakers Hill, upande mwingine wa jiji, mwaka uliofuata, karibu na wanawe. Tunatumiana salamu sikukuu zikifika. Muheza, matuta ya bibi ni vyumba vya kupangisha, vina geti na kengele; muuza maandazi na mwalimu wote wametangulia, na siku hizi hata huko huendi kwa mtu mpaka umpigie simu kwanza. Mimi, niliyekuwa nikijificha nyuma ya mlango nisitumwe, nisingedhani ningekuja kutamani kutumwa.

Jioni ile niliyotoka dirishani kwake nilipitia bustanini, nikachuma mchumo wa pili, nikaupika kwa nazi ya kopo. Ulizidi chumvi. Niliula wote, nimesimama jikoni.