Siku Niliyotulia

Harufu ya utomvu wa paini mpaka leo siiwezi. Wenzangu hapa Mbeya wakiingia duka la fenicha huvuta pumzi na kusema, "Mh, mbao mpya!" Mimi natafuta mlango. Nilikulia Mafinga, kwenye nyumba ambayo unga wa mbao uliingia hadi kwenye kopo la chumvi, na baba yangu alikuwa mpasuaji mbao katika kiwanda kidogo kilichopakana na kanisa letu. Kutwa nzima alisukuma magogo kwenye msumeno, mikono yake ikipita shubiri moja tu kutoka kwenye yale meno. Mama alifariki nikiwa na miaka minne. Nilibaki na baba na bibi, mama yake baba, na kwa akili yangu ya darasa la nne mambo yalikuwa wazi: msumeno ukimchukua baba, na mimi nimekwisha.

Kwingine watu huogopa kelele. Kwetu ilikuwa kinyume. Msumeno ukilia, kila mtu aliendelea na shughuli zake. Ukinyamaza ghafla saa za kazi, wanawake waliacha kupeta mahindi wakasimama na ungo mkononi, wakitazama upande wa kiwanda. Mara nyingi ni umeme tu ulikuwa umekatika. Lakini mwaka ule, kabla ya Pasaka, ulinyamaza na kijana mmoja akatolewa mkono umefungwa kwa shati. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, nasi hatukuhitaji kufafanuliwa. Tangu siku hiyo nikawa mlinzi wa ule mlio. Niliusikiliza darasani, niliusikiliza nikichota maji, niliusikiliza nikitafuna. Mwalimu akiniuliza swali nashtuka kama niliyemwagiwa maji, darasa zima linacheka.

Mwaka huohuo bibi aliamua kunifundisha kukaa. Ndivyo alivyoiita: kukaa. Ujanani aliwapikia masista kule Tosamaganga, na ni kwao alikojifunza sala isiyo na maneno. Unaketi mbele ya tabernakulo, kile kisanduku cha Ekaristi, unalitaja jina la Yesu polepole pamoja na pumzi, halafu hata hilo jina unaliacha, unabaki unatazamwa naye. Saa tisa alasiri, nikishatoka shule, alinishika mkono tukaenda kanisani. Mlangoni alimwamkia Yesu kwa Kihehe, "Kamwene," kama anavyomwamkia jirani, akajifunga vizuri khanga juu ya sweta, akaketi. Nusu saa nzima. Hakukohoa, hakujikuna. Mimi nilikuwa kama niliyekalia siafu.

Kila baada ya muda kidogo nilisingizia haja ndogo. Nilizunguka nyuma ya kanisa hadi kwenye uzio wa mabanzi, yale maganda ya magogo yanayobaki baada ya kupasua, nikapachika uso kwenye upenyo. Baba yupo, ameinama. Mkono wa kulia upo, wa kushoto upo. Haya, narudi. Bibi hakuwa mjinga. Siku moja tukiwa njiani kurudi aliniuliza, "Wewe, ulikuwa kwa Yesu au ulikuwa kiwandani?"

"Nilikuwepo, bibi."

"Mwongo mkubwa. Mwili ulikuwepo, mwenyewe ulienda kupasua mbao. Mshika mbili moja humponyoka, mjukuu wangu." Akacheka, kisha akasema kwa upole kwamba akili ikitoroka nisiigombeze, niirudishe tu, hata mara mia, maana Yesu hachoki kungoja. Niliitikia kwa kichwa, lakini moyoni nilikataa kabisa. Nilikuwa na siri ambayo sikumwambia hata yeye. Niliamini kwamba ni masikio yangu yaliyomshikilia baba. Nikiacha kusikiliza, hata kwa muda wa Salamu Maria moja, ule msumeno utampata.

Halafu Juni, ile baridi yetu ya kung'ata vidole, nikatulia. Sijui ilikuwaje. Nilitaja jina, nikavuta pumzi, nikataja tena, na mahali fulani hapo katikati hofu iliniachia. Sikuota, sikusinzia, sikuona malaika. Nilikaa tu, nikitazamwa, na ilikuwa tamu, jamani, sitaficha. Nilipofumbua macho bibi hakuwa pembeni yangu. Mlango ulikuwa wazi, na nje kulikuwa kimya. Nilikimbia. Baba alikuwa ameshapakiwa kwenye lori la mbao kupelekwa hospitali, na mzee mmoja alikuwa akifukia damu kwa unga wa mbao kwa mguu wake. Aliponiona akaanza kufukia haraka zaidi.

Vidole viwili vya mkono wa kushoto vilikatika. Baba alirudi akitania kwamba vilivyobaki vinatosha kunifinya masikio. Kila mtu alicheka isipokuwa mimi. Nilimwambia bibi kwamba sikai tena, kwa kuwa nimetulia mara moja tu na ona yaliyotokea. Akasema, "Kumbe mungu wa kiwanda kile ulikuwa wewe?" Lilikuwa neno zuri, la kunitua mzigo. Halikuingia.

Sasa mimi ni mtu mzima, nina watoto wawili na kazi ya ofisini, na nimerudia kukaa kwa sababu bila hiyo nakonda kwa wasiwasi. Padri wetu hulaumu simu. Anasema zamani watu walijua kutulia. Mimi humwacha aseme. Ni kweli naigeuza simu kifudifudi na bado naisikia ikitetemeka wakati haijatetemeka. Kuna kundi la jumuiya, la kwaya, la wazazi wa shuleni, na kila moja laweza kuwa na habari mbaya. Lakini sikuijua simu nilipokuwa na miaka kumi, na moyo ulikuwa huuhuu.

Krismasi iliyopita nilikwenda Mafinga. Bibi hayupo tena. Tulikuwa tunapukuchua mahindi, mimi na baba, na sijui nini kilinisukuma, nikamwambia yote: masikio, siri, ile siku niliyotulia. Nilitegemea acheke.

"Mbona nilikuwa nakuona?" alisema. "Kila siku ulichungulia pale kwenye mabanzi. Nilikuwa nakingoja hicho kichwa chako, nikikiona moyo unatulia, naendelea na kazi. Siku ile hukuja. Ndipo nikainua macho kukutafuta."

Alisema hivyo kama anayezungumzia mvua, akachukua hindi jingine. Basi ilikuwa kweli, ni kwa sababu yangu, ila si kwa njia niliyoidhania. Nilitoka nje nikalia, nikarudi tukaendelea na mahindi.

Hofu haijaniacha, nisiwadanganye. Ila nikikaa sasa na akili ikatoroka, simwoni tena Mungu akikunja uso na kuhesabu nimetoka mara ngapi. Namwona mtu aliyeinama kazini, anayegundua kwamba sipo, anainua macho kunitafuta, na mkono wake bado uko kwenye msumeno.