Dorkas alikula wali, ardhi ikaenda

Panga linapanda, panga linashuka. Dorkas Yamai ameinama kando ya barabara ya njia nne, pana kiasi kwamba ndege ndogo ingeweza kutua, na anafyeka nyasi ambazo wiki ijayo zitakuwa zimerudi palepale. Barabara yenyewe haina gari. Tangu asubuhi wamepita mbwa wawili na mlinzi mmoja aliyekuwa akiomba chokaa ya kutafunia popoo.

"Nyasi hazijui kama hapa siku hizi ni eneo maalumu," anasema bila kuinua kichwa. "Zinaota vilevile zilivyokuwa zikiota shambani kwa mama."

Shamba la mama yake lilikuwa hapahapa. Palipo na mtaro wa zege palikuwa na magimbi. Palipo na ghala la tatu, ambalo tangu lijengwe halijaona hata gunia moja, palikuwa na migomba. Kisha serikali ikaja hapa Sagur na neno moja, wawekezaji, na neno hilo likameza kila kitu. Gati likajengwa, nguzo za umeme zikasimikwa, lami ikamwagwa, yote kwa mkopo, ili wenye mitaji wakute mahali pametandikwa tayari na walete viwanda vyao. Huu ni mwaka wa tisa. Hakuna kiwanda.

Kuna bango tu. Linaonyesha wasichana wenye kofia nyeupe wakipanga samaki kwenye makopo huku wanacheka. Chini yake Dorkas, mwenye umri wa miaka hamsini na sita, anafyeka kwa ujira wa kina mia mbili na arobaini, sarafu ya huku, kila wiki mbili, na fedha hiyo inalisha watu saba. Mmoja wao ni binti yake Relvie, aliyesomea uhasibu kwa ajili ya kiwanda cha samaki kilichoahidiwa. Leo anauza popoo na sigara za mojamoja nje ya lango.

"Wasichana wa kwenye bango ndio pekee waliopata kazi," anasema Relvie.

Lakini katika miaka yote hiyo watu wa Sagur hawakuhesabu kwamba ardhi imekwenda. Ilichukuliwa kwa karatasi na hotuba, na siku ya hotuba waheshimiwa walikula ndani ya hema, wenyeji wakaachwa juani nyuma ya kamba. Hapo serikali ilikosea. Kwenye pwani hii ardhi haihami mpaka anayeipokea apike, akae na wenyewe juu ya ardhi hiyohiyo, na wenyewe wale huku majirani wakitazama. Aliyekula amekubali. Asiyekula hajatoa kitu, hata kama ametia sahihi mara mia.

"Hawakutupa hata biskuti," anasema Gamei, kaka yake Dorkas. "Sasa ardhi ingeendaje? Itembee yenyewe?"

Na kulikuwa na minazi. Kwenye kona ya kiwanja cha mwisho, karibu na gati, mafundi walikuwa wameiacha minazi aliyoipanda mama yao. Kila mchana Dorkas alipumzika chini yake. Kila aliyepita aliijua ni ya nani, na kwa hiyo aliijua ardhi ni ya nani.

Mwezi Machi ikaja habari kwamba wenye kiwanda cha samaki wanakuja kukagua. Hosea Kaupa, msimamizi wa eneo, mtu wa nyanda za juu mwenye sauti ya upole, akamfuata Dorkas kazini. Dorkas anayasimulia mazungumzo yao kama yamefanyika jana.

"Mama, ile minazi inatutia aibu."

"Aibu gani, bosi? Iko uchi?"

"Wageni wa mara ya mwisho waliuliza kama kuna mtu anaishi pale. Wakiona minazi wanaona kesi. Wakiona kesi wanapanda ndege."

"Basi si uikate?"

"Nikiikata mimi, ndugu zako watanikata mimi. Wewe ndiye mwenyewe. Ikate wewe, mama, nami nakuapia Relvie atakuwa wa kwanza kuandikwa."

Gamei aliposikia alifoka mpaka mate yakamtoka. "Usithubutu, dada. Ukigusa ile minazi usinijue." Dorkas alikuwa akimtazama Relvie akipanga popoo mafungu mafungu juu ya kipande cha boksi, mtoto aliyesomeshwa kwa kuuza nguruwe wote wa nyumba ile, na moyo ulimuuma. Akaenda kukata.

Walikata yeye na wanawake wenzake wa kufyeka. Jua lilikuwa kali, na tangu walipoamka hakuna aliyetia kitu tumboni. Majirani wa kijiji cha pili walijaa kwenye uzio kutazama. Gamei naye alikuja, amenuna, ameshika panga asilojua alifanyie nini. Mnazi wa mwisho ulipoanguka, gari la ofisi likafika na sufuria. Wali, samaki wa kopo, soda za baridi. Kaupa alishika upawa mwenyewe, akagawa, kisha akaketi juu ya gogo la mnazi pamoja nao.

"Kuleni, mama zangu. Mmefanya kazi ya kiume."

Wakala. Hakuna aliyewaza lolote. Gamei alipewa sahani akaipokea, ugomvi ukaisha mdomoni.

"Nilikula mpaka ukoko," anasema Dorkas. Anaufuta uso kwa mgongo wa kiganja chake, na si jasho peke yake analofuta. "Nikaomba na wa kumfungia Relvie."

Kesho yake kwenye bomba la maji alikutana na Naomi Sibon, mwanamke wa kile kijiji cha pili. Naomi alimpa pole na hongera kwa pamoja.

"Hatimaye mmeitoa, shoga."

"Tumetoa nini?"

"Ardhi. Si mmelishwa? Tuliona wote. Kaka yako alirudia sahani."

Dorkas anasema alikaa chini kwenye matope na ndoo yake. Chakula juu ya ardhi. Mpokeaji amegawa kwa mkono wake. Wenyewe wamekula. Majirani wametazama. Kilichoishinda serikali kwa miaka tisa, pamoja na mikopo yake yote, kilikamilika kwa sufuria mbili za wali, na aliyekikamilisha ni yeye. Toka siku ile, akisimama kikaoni kudai ardhi ya mama yake, majirani waliokuwa wakimuunga mkono huangalia pembeni. Wanaona haya kumwambia, lakini hawawezi kusema hawakuona walichokiona.

Wageni walikuja. Walikipiga picha kiwanja kilicho kitupu, wakanywa madafu yaliyonunuliwa mjini, wakaondoka. Mpaka leo hawajapiga hata simu. Kuandikwa kazi kwa Relvie hakujatajwa tena.

Je, Kaupa alikusudia? Mwenyewe anakana. "Kwetu mtu akifanya kazi unamlisha. Mimi nilikuwa na adabu tu," anasema akiwa ofisini, chini ya feni isiyozunguka.

Dorkas anataka kumwamini, na kwa muda alimwamini. Mila ya Sagur inamwachia mlango mmoja: kukirudisha chakula. Aliyelishwa apike kikubwa zaidi, na nguruwe awepo, palepale, mbele ya majirani walewale, na aliyemlisha ale. Akila, kula kwa kwanza kumefutika. Dorkas alikwenda ofisini kumwalika msimamizi wake kwa heshima zote.

"Siwezi, mama," Kaupa alimwambia, macho chini. "Wakubwa wamenipigia simu kutoka mjini. Nimekatazwa kula chochote ndani ya uzio."

Hapo ndipo uchungu ulipomjaa. "Hao hao wanatuambia mila zetu ni upuuzi," anasema. "Kama ni upuuzi, kwa nini wanaogopa sahani yangu? Wanajua. Wanajua vizuri kuliko tulivyojua sisi siku ile."

Tangu hapo Kaupa hula chakula chake cha mchana nje ya lango, ndani ya gari, vioo vimepandishwa. Anampita Relvie na meza yake ya popoo bila kununua.

Nguruwe yupo nyuma ya nyumba. Bado ni mdogo, na sehemu ya mshahara wa kufyeka huishia kwenye kihori chake. Gamei, ambaye siku hizi hana la kumfokea mtu, anachanja kuni na kuzipanga ukutani. Dorkas amekwisha kuchagua siku: ni siku yoyote nguruwe atakapokuwa amenenepa, na kila siku baada ya hiyo. Atapika kwenye ile kona, atapakua, ataiweka sahani ya Kaupa juu ya kisiki cha mnazi, kisha atakaa chini angoje.

"Asipokuja?" anaulizwa.

"Nitapika tena." Analiegemeza panga begani. "Mimi sikudanganywa na mtu. Mimi njaa ilinishinda. Na yeye ana tumbo."